Njia Zenye Wenyewe: Pwani ya Kenya kwa Miguu

Abiria anayetoka Mombasa kwa matatu kwenda Malindi huona mkonge wa Vipingo, mikorosho, vituo vya mafuta na mabango ya viwanja vinavyouzwa. Bahari anaichungulia mara tatu tu, kwenye madaraja ya Nyali, Mtwapa na Kilifi, kisha barabara inamrudisha kwenye mashamba. Anaweza kuzimaliza kilomita 120 hizo na kushuka Malindi bila kuiona pwani aliyoifuata.

Pwani yenyewe imo katika kile kipande cha ardhi kilichobanwa kati ya lami na maji, na kingine kilicho nyuma ya lami, misituni na vilimani. Humo mtu huingia kwa miguu. Zipo njia za kutosha kumshughulisha mtembeaji kwa majuma kadhaa, kutoka Kwale hadi Lamu. Si zote zilizosalia, hata hivyo, na zile ambazo bado zinapitika zina jambo moja zinalolingana: kila moja ina watu wenye sababu ya kuilinda. Wengine ni wazee wa kaya, wengine wafugaji wa vipepeo, wengine wavuvi wa kaa au wenye punda. Njia ambazo hazikupata watu wa namna hiyo zimejengewa ukuta.

Kabla ya kuchagua viatu, mtembeaji wa pwani anapaswa kuyajua maji. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maana yake ni kwamba ufuo uliokuwa uwanja mpana leo saa nne asubuhi, juma lijalo saa hiyohiyo utakuwa umefunikwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Hapo mwamba hufunuka, na wanawake huonekana mbali kabisa wakipekua mashimo ya pweza kwa vijiti. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali wala hairudi kwa kishindo. Jedwali la maji huchapishwa, na sasa linapatikana hata kwenye simu, lakini mvuvi yeyote anayetengeneza wavu wake kivulini atajibu swali hilo bila kutazama karatasi.

Sheria nayo iko upande wa mtembeaji. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mchanga ule, basi, hauna hoteli inayoumiliki, hata kama vitanda vya kuotea jua vimepangwa juu yake kama vya nyumbani. Tatizo ni kuufikia. Vichochoro vya umma vilivyoachwa kati ya viwanja vya ufuoni vimemezwa kimoja baada ya kingine na kuta, mageti na walinzi wenye marungu, na malalamiko hayo yamesikika Diani, Nyali, Bamburi, Watamu na Malindi kwa miaka mingi. Mtoto wa kijiji kilicho nyuma ya barabara huisikia bahari usiku na mchana asijue aipitie wapi.

Diani ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili kwa pande zake zote mbili. Aliyekwisha kuingia ufuoni anaweza kutembea mchana kutwa. Akielekea kaskazini wakati maji yamekupwa, hoteli humwishia na kumwacha kwenye mdomo wa mto Mwachema, ambako mibuyu minene imesimama karibu na Msikiti wa Kongo. Msikiti huo ulijengwa kwa mawe ya matumbawe karne kadhaa zilizopita na hadi leo unaswaliwa, tofauti na misikiti mingi ya umri wake iliyobaki kuta tu. Ng'ambo ya mto ni Tiwi. Maji yakiwa yamekupwa mto huvukwa kwa miguu, lakini wenyeji wenyewe hupendelea kuvuka wakiwa wengi, kwa kuwa sehemu zisizo na watu zimewahi kuwa na vibaka. Mgeni aandamane na mtu wa hapo na asibebe asichotaka kukipoteza.

Upande wa barabara kuna wapita njia wengine. Mbega wa Diani, weusi wenye nywele nyeupe mabegani, walikuwa wakigongwa na magari kila walipovuka lami kutoka mti hadi mti. Shirika la uhifadhi wa mbega lililoanzishwa huko mwaka 1997 likawatundikia madaraja ya kamba juu ya barabara, na mbega wakajifunza kuyatumia. Kwa hiyo Diani ina njia za umma za kima zisizozibwa na mtu, jambo ambalo wakazi wake wa miguu miwili bado wanaliomba.

Kusini kidogo ya hoteli hizo ipo Kaya Kinondo, na sura hii ingeweza kuandikwa juu yake peke yake. Makaya ni misitu iliyokuwa na maboma ya Wamijikenda, yaliyoanza kujengwa karne ya 16 na kuhamwa kabisa kufikia miaka ya 1940. Watu walipotoka kwenda kulima nje, msitu ulibaki kuwa mahali pa makaburi, maombi na mashauri ya wazee. Serikali ya Kenya ilianza kuyatangaza kuwa mali ya taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya kadhaa, yaliyotapakaa katika kilomita 200 hivi za pwani, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kinondo ni ya Wadigo, na ni miongoni mwa makaya machache ambayo wazee wameyafungulia wageni kwa utaratibu. Ukubwa wake ni hekta 30 hivi tu. Njia ya ndani ni fupi kiasi kwamba mtu wa haraka angeimaliza kwa nusu saa, lakini mwenye haraka hatapata mwongozaji. Langoni kila mmoja, mwanamume kwa mwanamke, hufungwa kaniki kiunoni. Kofia huvuliwa. Wapenzi hawabusiani. Hakuna kuokota kitu, hata jani lililokwisha kuanguka, wala kupiga kelele. Mwongozaji, ambaye kwa kawaida ni kijana wa ukoo wa hapo, huonyesha mti wa dawa ya tumbo, mti wa dawa ya homa, na ule mti mnene ambao wageni hualikwa kuukumbatia na kuacha shida zao. Anayecheka hapo kwa kawaida huukumbatia pia, baada ya wenzake kutangulia.

Wapo wanaoona miiko hii kama maigizo ya kitalii. Waitazame Diani nzima kisha wahukumu. Mahali ambapo kiwanja kinachotazama bahari huuzwa kwa mamilioni, msitu wenye miti ya karne nyingi umebaki umesimama, na ulilindwa na hofu ya kuvunja mwiko muda mrefu kabla ya kuwapo gazeti la serikali. Kiingilio kinachotozwa sasa kimeongeza tu sababu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Anayetaka kupanda na kushuka aende Shimba Hills, kilomita thelathini na kitu kutoka Mombasa. Hifadhi hiyo ndiyo makao ya palahala wa mwisho nchini Kenya, lakini mtembeaji huvutwa zaidi na maporomoko ya Sheldrick, maji yanayoanguka mita 21 hivi katika bonde la msitu. Askari wa wanyamapori mwenye bunduki hutangulia, kwa sababu tembo na nyati hutumia njia hiyohiyo. Kushuka ni raha, na chini kuna kidimbwi cha kuoga. Kupanda tena, kwenye joto la saa sita mchana, ni habari nyingine; afadhali kuwahi asubuhi.

Lakini kama kungekuwa na nafasi ya kupendekeza eneo moja tu, lingekuwa lile la kati ya Gedi, msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida, katika kaunti ya Kilifi. Ndani ya mwendo mfupi wa bodaboda, mtembeaji anapata mji uliokufa, msitu mkubwa na mikoko.

Mji ni Gedi. Ulistawi sana katika karne ya 15 na kuhamwa na watu wake kufikia karne ya 17, na moja ya makaburi yake lina tarehe iliyochongwa: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wareno waliokuwa wakikaa Malindi, mwendo wa siku moja kwa miguu, hawakuuandika popote. James Kirkman aliuchimbua kati ya 1948 na 1958, akazipa nyumba majina kwa vitu alivyovikuta: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Kulikuwa na vyombo vya udongo vya China na shanga kutoka Venice, katika mji ulio kilomita sita hivi kutoka baharini. Mwaka 2024 Gedi iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Watalii wengi huzunguka msikiti mkuu na jumba la mfalme, wakapiga picha na kima, wakarudi garini. Hukosa njia ya nje, ile inayofuata ukuta wa mji chini ya miti. Asubuhi na mapema, mwenye miguu mikimya atamwona sange mwenye kiuno cha dhahabu akipekua majani makavu kwa pua yake ndefu. Ni mnyama wa ukubwa wa paka mdogo, anayekaa kwa jozi, dume na jike katika eneo lao, na karibu wote waliosalia duniani wako katika misitu ya eneo hili. Mtafiti Mmarekani Galen Rathbun aliwachunguza hapahapa Gedi miaka ya 1970. Sange akishtuka hukimbia kwa mruko na kupigapiga mkia, na lile doa la njano ndilo kitu cha mwisho kuonekana.

Karibu na lango la Gedi ndipo ulipo mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakati huo majirani wengi wa Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba, na hawakuwa na kosa: tembo walikula mahindi yao na msitu haukuwapa chochote. Mradi ukawafundisha kukamata vipepeo wachache wa kuzalisha, kulea viwavi kwa majani ya miti ya msitu, na kuuza vile vifuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo. Vifuko hivyo husafirishwa kwa ndege kwenda kwenye mabanda ya maonyesho Ulaya na Marekani. Mti ukikatwa, kiwavi hana chakula na mfugaji hana mapato; hesabu hiyo ilieleweka upesi kuliko mahubiri yoyote ya mazingira.

Msitu wenyewe una kilomita za mraba 420 hivi, na ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake, misitu mikavu ya pwani, katika Afrika Mashariki. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1943. Njia zake ni tambarare na rahisi, na uzuri wake hauko katika mandhari ya mbali. Uko chini ya miguu. Karibu na Gedi udongo ni wa kijivu na miti imechanganyika. Mbele kidogo njia inageuka mchanga mweupe, na juu yake mirihi imesimama kwa nafasi kama iliyopandwa na mtu, mwanga ukipita katikati. Kisha mchanga unakuwa mwekundu, na pande zote mbili vichaka vinakaza kiasi kwamba mtu hawezi kutoka nje ya njia hata akitaka.

Ni katika vichaka hivyo vya ardhi nyekundu ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, mwenye uzito wa gramu 50 hivi, aliyeandikwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Nje ya msitu huu anajulikana sehemu chache mno, zikiwemo chini ya milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania. Mchana hulala kwenye tawi la chini, jozi kwa jozi, rangi yake ikifanana na jani kavu. Mgeni hawezi kumwona hata akisimama mita mbili mbele yake. Waongozaji wa msitu, vijana waliozaliwa vijiji vya kandokando, humwona. Hutangulia peke yao kichakani, wakatafuta, wakarudi kumwita mgeni kwa kidole. Bila wao matembezi ya Arabuko-Sokoke ni mwendo tu kati ya miti, tena wenye hatari, kwani tembo wamo. Kuna pia kazi isiyoonekana wanayoifanya: mtu anayepita msituni kila siku huona kisiki kipya cha muhuhu, mti unaowindwa na wachongaji, kabla ya ofisi yoyote kupata habari.

Kutoka msituni, ng'ambo ya barabara kuu, ardhi inateremka hadi Mida. Hori hii hujaa na kumwagika mara mbili kwa siku, na mikoko yake ni ya namna nyingi: mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaochomoza vidole vya mizizi matopeni, mkandaa, muia, mlilana. Katikati yake limetundikwa daraja la mbao na kamba lenye urefu wa mita 260 hivi, linaloyumba kila hatua na kuishia kwenye kibanda kinachotazama uwanda wa matope. Saa mbili kabla ya maji kujaa ndio wakati wake, maana maji yanapopanda huwasukuma ndege karibu na kibanda.

Miongoni mwao yupo ndege mmoja wa kusubiriwa: mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya buluu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Hutaga upande wa Oman na visiwa vya Ghuba, akichimba shimo mchangani kama kaa mwenyewe na kuweka yai moja jeupe, kisha huja kukaa pwani hii wakati wa kaskazi. Safari hiyohiyo, kwa upepo huohuo, ilifanywa na majahazi kwa karne nyingi.

Ada ya daraja la Mida haipotei. Tangu mwaka 2001, mpango wa elimu na utalii unaoendeshwa na shirika la A Rocha Kenya umekuwa ukitumia mapato ya namna hiyo kusaidia karo za sekondari za watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori, nao wazazi hutakiwa kushiriki katika uhifadhi, kama vile kupanda miti. Upande wa Dabaso kikundi cha wanakijiji kina jukwaa lake juu ya mikoko, ambako sambusa za kaa huliwa jua likizama. Mtembeaji aliyeanza msituni alfajiri atakuwa amezistahili.

Ng'ambo ya Malindi, Marafa haihitaji maelezo mengi. Ni korongo lililochongwa na mvua katika mawe laini, lenye matabaka mekundu, meupe na ya chungwa, na wenyeji husimulia juu ya familia tajiri iliyooga maziwa hadi ardhi ikaimeza. Wanakijiji ndio wanaotoza kiingilio na kuongoza. Kuteremka hadi chini na kupanda huchukua chini ya saa moja. La muhimu ni kufika baada ya saa kumi jioni. Mchana korongo ni tanuri.

Lamu ni mahali ambapo kutembea si burudani. Mji Mkongwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa vipimo vya mtu na punda aliyebeba mzigo, na vichochoro vyake havina nafasi ya gari. Punda ni maelfu, wana hata zahanati yao tangu 1987. Miaka ya karibuni bodaboda zimeongezeka upande wa nyuma ya mji, na ubishi juu yake haujaisha.

Kutoka mjini hadi Shela ni mwendo wa dakika 45 kandokando ya maji. Bahari ikijaa sehemu ya njia hiyo huzama na watu huhamia njia ya ndani. Mgeni asiyeuliza hufika na suruali iliyolowa hadi magotini. Shela ikishapitwa unaanza ufuo wa kilomita 12 usio na nyumba wala mti wa kivuli, mchanga mtupu upande wa kulia na bahari kuu upande wa kushoto. Hapa ndipo, mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu walipoyashinda majeshi ya Pate na Mazrui wa Mombasa, ushindi uliofuatwa na kuitwa kwa Waomani kisiwani. Vilima vya mchanga vilivyoshuhudia vita hivyo vina kazi nyingine pia: huyanywa maji ya mvua na kuyahifadhi, na ndiyo yanayolisha visima vya Lamu. Kila nyumba ya fahari inayopandishwa mchangani hapo inakalia tangi la maji la mji mzima, na inashangaza kwamba jambo hili bado linahitaji kubishaniwa. Mwenye nguvu za kutosha huufuata ufuo hadi mwisho, akaingia Kipungani, kijiji cha wasusi wa mikeka, na kurudi kwa mashua. Abebe maji ya kunywa; njiani hapauzwi kitu.

Miezi ya Januari hadi Machi ni mikavu na ya joto kali. Julai hadi Septemba kuna upepo wa kusi na ubaridi unaofaa miguu, ingawa bahari huchafuka. Masika, kuanzia Aprili, njia za msitu huwa tope. Wakati wowote ule, mtembeaji amtafute mwongozaji wa hapo, alipe ada rasmi, na adai risiti, kwa sababu fedha hiyo ndiyo inayoifanya njia iwe na thamani kwa anayeishi kando yake.

Vilivyobaki ni vichochoro vya ufuoni, ambavyo havina wazee wala kikundi wala risiti. Hivyo mwenyewe ni umma, na umma una serikali za kaunti za Kwale, Mombasa, Kilifi na Lamu. Zipime upya njia hizo, zing'oe mageti yaliyosimamishwa juu yake, na ziweke kibao kinachosomeka kutoka barabarani: hapa ndipo pa kupita kwenda baharini.